Aliyeosha Keni Zangu

Vijana wa chuo, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie jinsi nilivyofanikiwa katika kazi ya maziwa. Amemwomba mtu sahihi. Nimefanikiwa, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Nilizaliwa Marangu, mtoto wa pili kati ya wana watatu wa kiume, na ninyi wa kwetu mnajua maana yake: kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, humwendea wa kwanza na wa mwisho, wa kati hupewa baraka na kuonyeshwa njia. Mimi niliifuata njia ile mpaka Denmark. Huko nilisoma teknolojia ya maziwa, nikapata stashahada ambayo mpaka leo iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Wenzangu wengi walibaki huko. Mimi nilirudi Moshi nikaanzisha kiwanda changu, na mtindi wangu umenyweka kuanzia Himo mpaka Boma Ng'ombe.

Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa za namna hiyo. Binti yangu Neema, ambaye sasa ndiye anayeendesha kiwanda, alisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza kama nitawaambia pia habari ya Mama Keni. Nikamjibu kwamba hiyo siyo habari ya ufundi. Hakubishana nami. Aliiweka karatasi mezani akaenda kuwasha gari. Basi nimeanza upya. Nitawaambia ya ufundi, na hiyo nyingine pia, ingawa ningependa sana kuishia kwenye ufundi.

Kwanza pua. Mkulima akikuletea maziwa, usikimbilie vipimo. Fungua mfuniko, weka pua hapo hapo kabla hewa ya ndani haijatoka. Pua itakuambia kama ng'ombe alilala pachafu, kama maziwa yalikaa juani, kama chombo kiliwahi kubeba mafuta ya taa. Ndipo ulete kipimo cha kujua kama yametiwa maji, na baada ya hapo spiriti: changanya na maziwa sawa kwa sawa, tikisa, na yakifanya chembechembe yameanza kuchacha, yarudishe, hata kama mwenye nayo ni shemeji yako. Mimi nimewahi kumrudishia shemeji yangu mbele ya foleni nzima. Mke wangu alinipikia ndizi bila nyama kwa muda mrefu, lakini mtindi wa siku ile haukuharibika.

Msidhani sikukosea. Nilipotoka Denmark nilijua kila kitu. Watu wetu hufukiza kibuyu kwa moshi wa kuni kabla ya kugandisha maziwa ndani yake, nami niliona huo ni uchafu. Nikatengeneza mtindi mweupe, laini, usio na harufu yoyote, nikaupeleka mwenyewe soko la Kiboriloni nikiwa nimevaa koti langu jeupe. Mama mmoja muuza ndizi alionja, akalamba midomo, akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, akiniita chifu kwa Kichagga, "Mangi, huu ni wa wagonjwa?" Walioketi karibu naye wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jina la mtindi wa hospitali lilinifuata mpaka nilipokubali kwamba moshi nao ni ladha.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mzee mmoja wa Kidenmark aitwaye Jens, mwenye mikono mikubwa kama ya mchimba makaburi. Siku ya kwanza nilimwambia nimekuja kujifunza jibini, naye akanipa brashi. Alisema kazi ya maziwa ni kuosha, mengine yote ni mapambo. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Niliyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kiwanda, na kila walipokuja wageni niliwasimamisha chini yake nikawaeleza. Nilikuwa nayaeleza vizuri sana.

Keni, yale makopo makubwa ya alumini yanayoleta maziwa kutoka vijijini, huoshwa hivi. Anza na maji ya baridi, kwa sababu ya moto hupika mabaki ya maziwa yakang'ang'ania chuma. Yafuate maji ya moto yenye magadi, na brashi ifike shingoni kwa ndani, mahali ambapo mkono haupendi kuingia. Mpira wa mfuniko uvuliwe uoshwe peke yake. Suuza, kisha pindua keni juu ya kichanja zikaushwe na upepo. Usifute kwa kitambaa hata kama unakiona ni kisafi, maana kitambaa kibichi ni nyumba ya vijidudu.

Nilimfundisha hayo mama mmoja siku tulipofungua kiwanda, nikamfundisha mara moja tu. Tangu siku ile sikuosha keni tena mpaka nastaafu, wala sikuwahi kumwaga maziwa kwa sababu ya keni chafu. Kazi yake ilikuwa nyuma ya jengo, kwenye sakafu ya saruji karibu na pipa la maji ya moto. Kiwandani wote walimwita Mama Keni, na mimi pia. Alikuwa amenizidi umri, hilo lilionekana wazi, lakini kila asubuhi yeye ndiye aliyeniamkia: "Shikamoo bosi." Nami nikaitika marahaba nikiwa naendelea kutembea.

Mwaka jana nikastaafu. Kwetu mtu hastaafu kimya kimya. Huandaa ibada ya shukrani: familia huvaa sare, husimama mbele ya kanisa pamoja na wote walioshikana mikono na mwenye shughuli, naye husema maneno ya kumshukuru Mungu na watu, halafu nyumbani watu hula mpaka jioni. Mimi niliandaa kubwa. Mke wangu alichagua kitenge cha rangi ya zambarau chenye maua ya njano, na tangazo likatumwa mpaka kwenye kundi la simu la wafanyakazi kwamba anayetaka kusimama nasi ajinunulie sare. Niliamuru mwenyewe liandikwe hivyo. Nilitaka mstari mrefu kwenye picha.

Mama Keni alijinunulia, akashona gauni, na kichwani akafunga kilemba cha kitenge kile kile. Sikujua hayo mpaka nilipomwona kanisani.

Hotuba yangu niliiandika kwa wiki kadhaa. Nilimshukuru Mungu na marehemu mama yangu. Nikamshukuru Jens, nikalitamka jina lake kwa lafudhi ya kwao ili watu wasikie. Nikawashukuru wakulima, madereva, wenye maduka, fundi wa majokofu, na mgeni rasmi ambaye kwa kweli hakuwahi kunisaidia kitu. Mwisho nikawashukuru ng'ombe. Nilisema bila wao ningekuwa nauza maji meupe. Kanisa lilicheka, na mchungaji akatoa leso akafuta macho. Naukumbuka utamu wa kicheko kile, na kila nikiukumbuka masikio yananiwaka moto.

Kabla ya hotuba hiyo mchungaji alikuwa ameita familia na wenzetu wote waende mbele. Mstari ukapangwa. Dada yangu Anande ndiye aliyekuwa akiupanga, na nimewaambia watu wengi kwamba ni yeye aliyemrudisha Mama Keni. Mke wangu nilimwambia hivyo. Neema nilimwambia hivyo. Ninyi sitawaambia hivyo. Mama Keni alifika mbele akiwa amevaa sare yake, akasimama mwisho wa mstari, upande wa mgeni rasmi. Anande alimtazama, kisha akanitazama mimi, akiniuliza kwa macho. Nikaiona mikono ya yule mama, imechubuka kwa magadi, ngozi imefanya mistari myeupe, nikawaza picha zitakavyotoka. Nikatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi. Anande akamsogelea, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Baadaye nilijua ni nini: aende nyumbani kwangu akawasaidie wapishi, mbele ya kanisa watu walikuwa wameshatosha.

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Nikafungua karatasi yangu nikaanza kushukuru.

Nyumbani watu walikuwa wengi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, alipokaribia kukatwa nilizunguka nyuma ya nyumba kumtafuta mpishi mkuu, nikasikia wanawake wanacheka upande wa pili wa tangi la maji. Nikasimama. Walikuwa wanaosha masufuria, na Mama Keni yuko katikati yao. Alikuwa ameligeuza gauni lake la sare, upande wa maua uwe ndani, ili masizi yasiliharibu.

Mmoja wa wapishi alimtania kwamba leo amevaa sherehe kinyume. Akamjibu kwamba sherehe iko ndani, inamgusa mwilini. Mwingine akamuuliza kama ni kweli mzee ameshukuru mpaka ng'ombe, maana yeye alikuwa jikoni hakusikia.

"Amewashukuru, nimesikia kwa spika za nje," Mama Keni akasema, huku akisugua. "Tuvute subira. Mwakani labda atafika kwenye ndoo."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Ningeweza kutokeza pale, hatua chache tu, nikamwambia neno. Nilirudi mbele nikakata ndafu, nikalishwa kipande cha kwanza na mgeni rasmi, nikapigwa picha.

Jumatatu Mama Keni hakwenda kazini, wala Jumanne. Neema akaja nyumbani kwangu akiwa na simu mkononi, akaniuliza Mama Keni anaitwa nani hasa. Kwenye simu yake alikuwa amemwandika hivyo hivyo, Mama Keni, na hakuwa akipokea. Nikamwambia nitakumbuka. Nikanywa chai yangu nikijifanya nakumbuka. Neema akaketi. Alipokuwa mdogo, akitoka shule alikuwa akikaa kwenye ile sakafu ya saruji mpaka nimalize kazi, na yule mama ndiye aliyekuwa akimnywesha uji na kumnawisha uso.

"Amenilea, Baba," akasema, "na simjui jina. Sasa wewe niambie ulimfanya nini."

Nikamwambia ni shangazi yake Anande. Hakuamini, na hakusema kwamba hakuamini. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwangu kwa mambo ya kiwanda tu. Anasimama mlangoni, ananiamkia vizuri, anauliza anachouliza, anaondoka. Mke wangu akimwambia karibu chakula, anasema ameshiba. Hapo ndipo nilipoanza kutaka msamaha wa yule mama, na lazima niseme wazi kwamba mwanzoni nilikuwa nautafuta kwa ajili ya binti yangu. Yeye mwenyewe nilikuwa bado sijamfikiria.

Nikafanya kama nilivyozoea: nikamtuma mtu. Dereva wa kiwanda alijua kwake ni Kirua Vunjo kwa kuwa alikuwa akimshusha njia panda siku za mvua. Nikampa afikishe mfuko wa sukari, kitenge kipya, na katoni ya sabuni. Ndiyo, sabuni. Nilimpelekea sabuni mwanamke aliyeumaliza umri wake anaosha vyombo vyangu, na wakati nafunga mzigo nilijiona mkarimu. Dereva alirudi na katoni ile ile. Sukari mama ameigawa kwa majirani, akasema, kitenge amempa mwanakwaya mmoja, na sabuni ameirudisha kwa maelezo kwamba kwa mzee pana vyombo vingi.

Ndipo nikakumbuka sale. Wale ambao si wa kwetu niwaeleze: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, ukamletea jani lake, umeomba msamaha, na yeye hawezi kukukatalia. Akikukatalia, kosa linamgeukia. Hata walioapa kutosalimiana maisha yao yote wamepatanishwa kwa jani hilo. Nikasema, hapa nimepata dawa. Mkasirike nami mkipenda, lakini nililiona kama kifaa. Nilikwenda kwa kaka yangu Marangu nikakata jani zuri, refu, lisilo na doa, nikaliweka kwenye kiti cha mbele cha gari, nikang'arisha viatu.

Dereva niliona aibu kumwambia ninakokwenda, nikaenda peke yangu. Njia panda ya Kirua nilimkuta mwanamume mmoja anapakia mikungu ya ndizi. Nikamuuliza kwa Mama Keni. Akasema hamjui. Nikamwambia ni mama mtu mzima, anafanya kazi mjini kwenye kiwanda cha maziwa. Akawaita wenzake wawili, wakajadiliana kwa Kichagga, nami nasikia kila neno. Mmoja wao akanigeukia akaniuliza kama ananidai au namdai, maana mtu anayemtafuta mwenzake bila jina huwa ni mambo ya deni. Nikasema nimefanya naye kazi.

"Umefanya naye kazi siku ngapi, Meku?"

Meku kwetu ni mzee. Mwishowe yule wa ndizi akapiga paji la uso. Kumbe nilikuwa namtafuta Bibi Filomena. Akasema ningesema tu yule mwalimu wa kwaya, anayeongoza wimbo misibani, ambaye akina mama wa Kirua hawaanzi kikao mpaka afike. Nani asiyemjua? Akanielekeza, nami nikapanda na gari kwa aibu, nikilitamka jina lile peke yangu ili lisiniteleze tena.

Nilimkuta ameketi nje, anamenya ndizi za supu ya mtori. Nikasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamwambia, "Shikamoo, Mama Filomena."

Aliendelea kumenya mpaka akaimaliza ndizi ile, akaitupa kwenye sufuria. "Marahaba," akasema.

Nikatoa jani nikampa kwa mikono miwili kama inavyopaswa, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea, akalitazama pande zote mbili.

"Ulijua siwezi kulikataa," akasema.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana umelileta."

Kuku walikuwa wanapitapita kati yetu. Akasema tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwanafunzi, "Nilikuwa na maneno yangu ya kukuambia. Nimeyaweka tangu ile Jumapili. Sasa nikiyasema nimevunja sale, nikiyameza yananikaba. Kanisani ulinitoa mbele. Na huku kwangu umekuja kunifunga mdomo."

Nikamwomba anirudishie jani. Akaniambia sale halirudishwi, hajawahi kusikia popote jambo la namna hiyo. Nikasema basi aliweke chini, liwe si langu wala si lake, mpaka amalize alichonacho. Alifikiri. Kisha akaliweka juu ya gogo lililokuwa kati yetu, akaniambia nikae.

Alisema mengi na mengine sitayaandika. Alisema aliniona nikitikisa kichwa. Alidhani nimekosea, labda nimefukuza inzi kweli, mpaka Anande alipomfikia. Alisema hakutaka kutajwa, maana jina lake Kirua wanalitaja vya kutosha. Alichotaka ni kusimama pale. Dirisha la ofisi yangu linatazama nyuma ya kiwanda, na kila asubuhi yenye anga safi alikuwa akiniona nimesimama dirishani na kikombe, nautazama mlima ulio juu ya kichwa chake.

"Nilikuwa nikijiuliza," akasema, "siku akishusha macho atasema nini. Ile Jumapili ulishusha macho. Nikaona ulichosema."

Nilitaka kulia na nikaona nikilia nitamfanya anibembeleze, kazi nyingine tena. Nikajizuia. Nikasema kwamba yote ni kweli, kwamba ni mimi na siyo Anande. Halafu nikamshukuru. Nikamshukuru kwa brashi, kwa shingo za keni, kwa maji ya moto ya alfajiri, nikitaja kila kitu nilichokijua.

Akainua mkono. "Maji ya moto usinishukuru mimi. Nilikuwa nikiyakuta yanachemka. Mshukuru Saidi."

Saidi alikuwa mlinzi wetu wa usiku, mtu wa Njoro pale mjini, aliyeacha kazi miaka iliyopita kwa sababu ya miguu. Kumbe kila siku kabla ya swala ya alfajiri alikuwa akikoka moto chini ya pipa. Haikuwa kazi yake, hakuna aliyempangia. Mama Filomena akaniuliza nilidhani nani alikuwa akikoka. Nilitafuta jibu kichwani, kwa uaminifu kabisa, na nilichokikuta ni aibu tupu: sikuwahi kudhani chochote. Maji yalikuwa moto tu.

Akarudi kwenye ndizi zake. Jani akaliacha juu ya gogo. Aliniambia hajalikataa na hajalipokea. Niende kwanza kwa Saidi, na nikirudi nitalikuta.

Njoro sikuwa na haja ya kuuliza sana. Saidi alikuwa barazani kwake, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, anasikiliza redio. Alipoona ni mimi akataka kusimama, nikamzuia kwa kumshika bega. Akaagiza kahawa, akauliza habari za Neema, za majokofu, za yule paka wa stoo. Nikamwambia nimekuja kushukuru kwa ule moto wa alfajiri. Alicheka akaniuliza nani amemchongea. Alisema alianza kwa sababu ya baridi ya Julai, alipomwona yule mama ametia mkono kwenye maji ya bomba akabana meno. Baada ya hapo ikawa mazoea.

"Basi mimi sikuwa na kazi kubwa, bosi," akasema. "Kuni zilikuwa zinaletwa mpaka mlangoni. Kuna mama mmoja wa Kahe alikuwa anakuja nazo kichwani alfajiri. Ananiachia kavu, mbichi anapeleka kwa wengine."

Nikamuuliza jina lake. Saidi akafungua mdomo, akaufunga. Akapunguza sauti ya redio kana kwamba ndiyo inayomzuia kukumbuka. Akasema walikuwa wakisalimiana kila mara, anajua alikuwa na mtoto mgonjwa, anajua alipenda kashata, alikuwa akimwekea. Jina hakumuuliza. Akatazama miguu yake. Tukakaa hapo barazani, wazee wawili, tukinywa kahawa.

Kesho yake nilirudi Kirua. Jani lilikuwa bado juu ya gogo, limeanza kujikunja pembeni. Nikamsimulia Mama Filomena kila kitu, mpaka yule mama wa Kahe na kashata. Nilidhani atafurahia kuona kwamba na Saidi hajui.

"Mimi nilikuwa nikipishana naye getini," akasema. "Anatoka, naingia. Siku moja alinisaidia kufunga kilemba. Nilikuwa namwita Mama Kuni."

Akaitazama mikono yake. Halafu akaliokota jani, akaingia nalo ndani. Aliporudi nje aliniambia nimwambie Neema aje Jumapili, amekonda kwenye zile picha za sherehe, ale mtori. Na mimi nikitaka nije, mradi nisije na karatasi.

Neema tumekula naye. Anakaa mezani sasa, ingawa bado kuna wakati ananitazama kama mtu anayepima maziwa, na ana haki. Mama Filomena hakurudi kazini, wala sikumwomba arudi.

Mwalimu wenu alitaka niwaachie siri ya mafanikio, nami ninayo mengi ya kuwafundisha kuhusu mtindi, siagi, na hata jibini la kuwauzia watalii. Njooni kiwandani nitawaonyesha, na sijui mwingine hapa Moshi anayeweza kuwaonyesha vizuri zaidi. Lakini wiki hii msinitafute. Tunakwenda Kahe, mimi, Saidi na Mama Filomena, kwa gari la kiwanda, na Neema ndiye dereva. Tutauliza sokoni, na msikitini, na kwenye makanisa, kama yupo au alikuwapo mama aliyekuwa akitembea na kuni kavu mpaka Moshi mjini kabla ya jua. Watatuuliza anaitwa nani. Sote watatu tumekula jasho lake miaka yote hiyo, na hatuna jina la kutaja.